Tuliomboleza kupitia skrini

Aprili 2020 tulimzika Mjomba. Mikusanyiko ilikuwa imezuiwa karibu kila mahali duniani kwa sababu ya korona, kaburini tulisimama watu wachache, na ukoo wote uliobaki ulikuwa kwenye simu. Kazi ya kurusha mazishi mubashara nilipewa mimi, kwa kuwa ndiye niliyezoea kompyuta. Nikaifunga simu kwenye stendi ya miguu mitatu, nikahakikisha ina chaji na bando la kutosha, nikatuma linki kwenye kundi la familia. Kwa saa moja na nusu picha haikuganda hata mara moja. Udongo ulipokwisha kurudishwa na sala ya mwisho kusomwa, nikabonyeza kitufe cha kumaliza, nikashusha pumzi. Niliamini nimemtendea Mjomba haki.

Haikupita robo saa Mama Mdogo akanipigia. Yeye ndiye kitinda mimba wa kwao, na Mjomba ndiye aliyemlea. Alikuwa nchi ya mbali, peke yake katika chumba cha kupanga. Hakuniuliza lolote kuhusu picha wala sauti. Alisema, "Mwanangu, nimemwona kaka yangu akishushwa, halafu ghafla kioo kikawa cheusi, nikajiona uso wangu mwenyewe. Nimekaa hapa. Sijui nimlilie nani." Kisha akalia, nami nikamsikiliza nikiwa nimesimama kando ya gari, viatu vikiwa bado na udongo wa kaburi.

Maneno yale sijayasahau. Tangu hapo nimeshiriki kuandaa kumbukizi tano za mtandaoni: za binamu zangu wawili, ya rafiki, ya mwalimu wangu wa zamani, na mwaka 2023 ya Mama yangu mzazi. Kila mara namrudia Mama Mdogo akiwa chumbani kwake, najiuliza: aliye peke yake mbele ya kioo atampata wapi wa kulia naye? Karibu yote ninayoyajua kuhusu jambo hili yametokana na swali hilo, na ninayaandika kwa mtu ambaye huenda leo amepokea taarifa ya msiba na kuambiwa na wakubwa wake, "Wewe shughulikia hiyo ya mtandaoni."

Kosa langu lilitokea kabla hata sijaiwasha simu. Nilichagua kurusha, wakati familia ilihitaji kukutana. Ukirusha mubashara kupitia YouTube au Facebook unaweza kuwafikia maelfu, lakini wao wanakuona nawe huwaoni, wala wao kwa wao hawaonani. Tena wanachokiona kimechelewa, mara nyingi kwa sekunde 10 hadi 30. Sala ikisomwa, "amina" zao zinaanza kuandikwa wakati ninyi mmeshafika kwenye jambo jingine. Katika mkutano wa video, kwa mfano Zoom au Google Meet, ucheleweshaji ni mdogo kiasi cha watu kuweza kujibizana, na kila mmoja anaziona nyuso za wenzake. Ikiwa wanaotarajiwa hawazidi mia, siku hizi nachagua mkutano bila kusita. Wakiwa mamia, fanya vyote viwili: familia na marafiki wa karibu waingie kwenye mkutano, na mkutano huohuo urushwe kwa wengine. Ila akaunti iandaliwe mapema. YouTube hutaka akaunti ithibitishwe kwanza, na ruhusa ya kurusha kwa mara ya kwanza inaweza kuchukua hadi saa 24; anayerusha kwa simu anahitaji pia kuwa na wafuatiliaji wasiopungua 50. Siku ya msiba si siku ya kuyagundua hayo.

Zoom ya bure huishia dakika 40 na watu 100. Google Meet ya bure huishia dakika 60 wakiwa watu watatu au zaidi, nayo pia ni watu 100. Simu ya kundi ya WhatsApp inachukua watu 32. Huwezi kumkumbuka mtu huku unatazama saa, kwa hiyo tafuta mwenye akaunti ya kulipia. Ofisi nyingi, shule na nyumba za ibada wanayo, na sijawahi kuona mtu aliyeombwa kwa ajili ya msiba akakataa.

Mama alipofariki nilichukua kompyuta nikaanza kupanga kama nilivyozoea. Mdogo wangu wa kiume akaishika ile kompyuta, akaifunga taratibu, akasema, "Dada, safari hii wewe ni mfiwa." Nilikasirika kidogo, kisha nikashukuru. Mfiwa wa karibu asishike mitambo. Ukiwa unahangaika na maiki ya mtu iliyoachwa wazi, humsikii anayemsimulia mama yako. Tulipata watu watatu ambao hawakuwa wamemfahamu sana Mama. Mmoja alikuwa mwenyeji: alikaribisha watu na kuzima maiki zao. Wa pili alishika picha na muziki, naye alipewa hadhi ya mwenyeji mwenza, ili mtandao wa mmoja ukikatika mkutano usiyumbe. Wa tatu alikaa na simu tu, mbali na kompyuta, na namba yake iliandikwa kwenye tanzia: "Ukikwama kuingia, piga hapa." Siku ile alipigiwa na watu kumi na saba. Watu kumi na saba wangeukosa msiba kwa sababu ya kitufe.

Anayeongoza ratiba ni mtu mwingine kabisa. Sisi tulimwomba shemeji yetu mmoja mwenye sauti ya taratibu, asiyeogopa kunyamaza. Hilo la kunyamaza nitalirudia.

Saa ilitutesa. Kwenye kumbukizi ya mwalimu wangu tuliandika "saa 10 jioni". Kwa tunaohesabu saa kwa Kiswahili hapakuwa na shaka yoyote. Wajukuu zake wawili waliokulia ughaibuni waliiona ile 10 wakaelewa saa nne usiku. Waliingia wakakuta chumba kitupu, na babu yao ameshasimuliwa na kuombewa bila wao. Sasa naandika saa kwa namna zote mbili, saa kumi jioni yaani 16:00, nataja ni saa ya nchi gani, kisha naandika chini yake saa hiyo itakuwa ngapi katika kila nchi tunakojua kuna ndugu. Angalia pia majira. Sehemu kubwa ya Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Sehemu kubwa ya Ulaya husogeza Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Katika wiki ambazo upande mmoja umeshasogeza na mwingine bado, tofauti ya saa uliyoizoea kati ya ndugu wa Marekani na wa Ulaya inakuwa imebadilika, na mtu atachelewa akiamini amewahi.

Siku nayo ina uzito wake. Kama mazishi yameshafanyika, sioni haja ya kuharakisha. Ya Mama tuliifanya wiki tatu baada ya kuzika, na katika wiki hizo tatu ndipo watu waliposhtuka, wakaamini, wakatafuta picha na maneno.

Linki usiibandike hadharani. Machi 2020, mikutano ya video iliposhika kasi, FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilitoa tahadhari kuhusu wavamizi wanaoingia kwenye mikutano ya watu na kuonyesha machafu, na misiba haikuwa na kinga. Washa chumba cha kusubiri, ambako mtu hukaa hadi mwenyeji amruhusu kuingia, zuia wageni kushiriki skrini zao, tuma linki kwa mtu mmojammoja au kwenye makundi mnayoyafahamu. Tanzia yenyewe inaweza kwenda popote. Iandikwe tu kwamba anayetaka kushiriki awasiliane na namba fulani. Wapo pia walaghai wanaofuatilia tanzia mitandaoni, wakatengeneza ukurasa bandia wenye picha ya marehemu na linki ya "mazishi mubashara" inayomtaka mtu aandike namba ya kadi yake ya benki. Kwenye tanzia ya Mama tuliandika wazi: kushiriki ni bure, familia haitakuomba kadi wala kujisajili popote, na rambirambi zipitie namba moja yenye jina hili. Ni maneno makavu kuyaweka chini ya picha ya mama yako, lakini yaliwalinda wazee wetu.

Chumba cha kusubiri kilituletea na zawadi ambayo hatukuitarajia. Wengi huingia na jina la aina ya simu yao, au herufi mbili tu, na mwenyeji hajui amkaribishe nani. Kwa hiyo tuliwaomba watu waandike jina na namna walivyomfahamu Mama. Mama alikuwa fundi cherehani. Majina yakaanza kuingia: jirani wa nyumba ya zamani; mwanafunzi wake wa kushona; na mwanamke mmoja, baada ya jina lake, aliandika "alinishonea gauni la harusi". Akafuata mwingine akaandika hivyohivyo. Kabla mtu yeyote hajafungua kinywa, Baba alikuwa anasoma majina yale kimoyomoyo, midomo ikicheza, kidole kikishuka kwenye kioo jina hadi jina.

Picha zilitupa shida. Picha nzuri za miaka yake ya mwisho zilikuwa ndani ya simu yake, na namba ya siri aliondoka nayo. Kuna njia ya kuyazuia haya mtu akiwa hai. Google tangu 2013 humruhusu mtu kuchagua nani apewe data zake akaunti ikikaa kimya kwa muda, Facebook tangu 2015 humruhusu kumteua mtu wa kuutunza ukurasa wake akifa, na Apple iliongeza uteuzi wa namna hiyo Desemba 2021. Mama hakuwa amefanya lolote kati ya hayo. Mimi nilifanya wiki iliyofuata baada ya kumzika, na nikamkalisha Baba naye akafanya.

Tukaomba picha kwa watu. Tuliwasisitizia wazitume WhatsApp kama faili la waraka, si kama picha ya kawaida, maana zikitumwa kama picha hupunguzwa ubora na kwenye skrini kubwa uso unakuwa ukungu. Zilizonigusa zaidi zilitoka kwa watu nisiowajua. Katika moja Mama yuko msichana, ana sindano mdomoni na futi ya kupimia shingoni, anamtazama mpiga picha kama anayemwambia asubiri. Tulichagua 40, kila moja ikakaa sekunde saba, ikawa kama urefu wa wimbo mmoja. Kulikuwa na shinikizo la kuweka mia na zaidi ili asibaki mtu bila picha yake. Zile zilizobaki tuliziweka kwenye folda ya pamoja mtandaoni na kuwapa wote linki, na watu wakaendelea kuongeza kwa miezi.

Sasa sauti. Kama una siku moja tu ya kujiandaa, itumie kwenye sauti, picha uiache. Watu huvumilia picha inayoganda, lakini mfiwa akikosa neno la ndugu yake analikosa moja kwa moja. Kifaa kimoja kwa chumba kimoja, vinginevyo mtapata mwangwi na mluzi. Mwenye mtandao dhaifu azime kamera, kwa kuwa sauti hula data kidogo sana kuliko video. Anayecheza wimbo kwenye kompyuta asisahau kuweka alama kwenye kisanduku cha kushiriki sauti, la sivyo atausikia yeye peke yake. Na kama mnarusha YouTube au Facebook, mjue wimbo uliorekodiwa na msanii unaweza kunyamazishwa na mitambo inayotambua haki miliki, hivyo ni salama zaidi aimbe mtu wenu.

Kuimba pamoja tulikujaribu kwenye kumbukizi ya binamu yangu wa kwanza, na ilituumiza. Tulianza wimbo aliokuwa anaupenda, na kufikia mstari wa pili kila mtu alikuwa nyuma ya mwenzake, sauti zinapishana na kukatika, hadi mmoja baada ya mwingine tukaacha. Shangazi yangu alisema tulikuwa kama watu wanaoitana msituni. Baadaye nikaelewa sababu. Waimbaji wanaotaka kwenda sambamba huanza kuyumba sauti ikichelewa zaidi ya milisekunde (elfu za sekunde) 25 au 30 hivi, ilhali mazungumzo ya kawaida huvumilia mpaka 150, kiwango ambacho ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, hukipendekeza kwa simu. Sauti ikivuka bara na kupita ndani ya programu, zile 30 zimeshapitwa zamani. Isitoshe, programu za mikutano zimetengenezwa kusafisha sauti ya mtu anayeongea, na kinanda au noti ndefu ya mwimbaji huhesabiwa kuwa kelele, ikakatwakatwa. Zoom ina mpangilio wa kuruhusu sauti halisi isiyosafishwa. Uwashwe kwenye kifaa cha mwimbaji tu.

Kwa Mama tulifanya hivi: mpwa wangu aliimba akiwa na maiki wazi, na wengine wote tuliombwa tuimbe naye maiki zikiwa zimezimwa, kamera zikiwa zimewashwa kwa anayeweza. Nilikaa nikaangalia. Vinywa themanini vinaimba, na sauti inayosikika ni moja, ya binti wa miaka kumi na tisa. Wazee walikuwa wamefumba macho. Mama Mdogo alikuwa anaimba kwa nguvu, mishipa ya shingo imemsimama, na sikumsikia hata kidogo. Sijui nieleze vipi nilivyojisikia pale. Nilijua yupo, naye alijua naona anaimba.

Kuhusu ukimya. Dakika moja ya kunyamaza mtandaoni humtisha mtu. Kila mmoja anadhani mtandao umekatika, anaanza kugusagusa simu, na mmoja lazima ataulizia, "Mnanisikia?" Tulijifunza kuutangaza: mwongozaji anasema tutanyamaza dakika moja, mtasikia kengele ikianza na ikiisha, picha ya marehemu inakaa kwenye skrini. Na maiki moja tunaiacha wazi. Hili nililigundua kwa bahati kwenye msiba wa rafiki yangu, pale mwenyeji aliposahau kuifunga ya mjane wake. Maiki zote zikizimwa, ukimya unakuwa wa mashine. Ile moja ikiwa wazi unasikia chumba: kiti kinalia, mtu anavuta pumzi, mlango unafungwa mbali. Siku ya Mama tuliiacha ya Baba. Tulimsikia anapumua kwa dakika nzima, na nadhani hakuna hotuba iliyoniweka karibu na Baba kama pumzi zile.

Zamani nilidhani ushuhuda wa watu utakuja wenyewe. Mwongozaji anauliza, "Nani angependa kusema neno?" na nyuso zote zinaganda, au wawili wanaanza kwa pamoja, wanaombana radhi, wote wananyamaza, au anajitokeza mmoja anaongea dakika ishirini na hakuna wa kumvuta shati. Sasa tunawaomba watano kabla ya siku, kila mmoja aje na kisa kimoja cha dakika tatu. Tunawaambia kisa, maana ukimwambia mtu "sema neno" atasoma wasifu: alizaliwa, alisoma, alifanya kazi. Kisa ni siku moja, mahali pamoja, na marehemu akiwa ndani yake anatembea.

Kisha tukafanya jambo ambalo wazee wawili walilipinga mwanzoni, wakiona si heshima. Tuliwagawa watu kwenye vyumba vidogo vya watu watano au sita, kwa dakika 20, kufuatana na walivyomfahamu Mama, na kila chumba tukaweka mmoja wa kufungua mazungumzo. Wazee walikuwa na hofu ya haki: mgeni asiyemjua mtu atajikuta katikati ya watu wanaolia. Ndiyo maana mpangilio tuliufanya kwa mkono usiku uliotangulia, jina kwa jina, na mwenyeji alikuwa na orodha. Kuacha programu igawe watu kwa bahati nasibu kwenye msiba, mimi sitalikubali.

Katika watu themanini unasikiliza. Katika watu sita unalia, na mtu anakwambia pole kwa jina lako. Mimi niliwekwa na wateja wake. Mwanamke mmoja aliuliza, "Wewe ndiye binti yake? Unajua mama yako alikuwa anaacha kitambaa kingi kwenye mishono ya pembeni na kwenye pindo?" Sikujua. Akaeleza kwamba nguo za watoto wa kike Mama alizishona na akiba ndani, ili mtoto akikua mzazi aje gauni liachiwe bila kununua jipya, na kile kitambaa cha ziada hakukitoza. Wanawake wengine wawili wakaitikia kwa pamoja, "Kweli kabisa." Mmoja akainuka, akarudi na kigauni cha binti yake ambaye sasa ni mtu mzima, akakigeuza ndani nje mbele ya kamera, akatuonyesha mishono ya Mama. Nilikaa miaka yote karibu na cherehani ile na jambo hilo sikuwahi kuliona.

Usimlazimishe mtu kuwasha kamera. Aliyezima huenda analia, na ana haki ya kulia asionekane.

Kuna wasio na simu ya kisasa, na mara nyingi ndio waliomjua marehemu muda mrefu kuliko wote. Bibi mmoja, mwenzake Mama tangu utotoni, tulimpigia kwa simu ya kawaida, na kijana wetu akaiweka ile simu ikiwa na sauti ya juu kando ya kompyuta. Ilitosha. Alisikia, na alipopewa nafasi akaongea, sauti ikipita mashine mbili, na watu wote wakamsikia. Binamu yetu mmoja ni kiziwi. Tulipata mkalimani wa lugha ya alama, na mwenyeji akaibandika picha ya mkalimani isihame kila anapoongea mtu mwingine. Haya yaulizwe mapema, kwa simu, kwa mtu mwenyewe, maana kwenye kundi hakuna anayejitokeza kusema hasikii.

Kama kamera itakuwa kaburini kwenyewe, iweke kwenye kimo cha macho, ubavuni mwa wafiwa, pale ambapo aliye mbali angesimama kama angekuwepo. Mimi kwa Mjomba niliinua stendi juu ili pasizibwe na vichwa, na hapo Mama Mdogo alimwona kaka yake akishushwa kutoka mahali ambapo hakuna mwombolezaji anayesimama. Waulize pia familia kabla, ukiwa nao peke yao, nini kisionyeshwe. Upepo huharibu sauti kuliko kitu kingine chochote, hivyo funika maiki kwa sponji au kitambaa laini.

Kurekodi nako kuna mjadala, na familia ikubaliane kabla ya siku. Sisi tulirekodi sehemu ya wote na kuwatangazia watu mwanzoni. Vyumba vidogo hatukurekodi, na nafikiri ndiyo sababu watu walifunguka. Aliyerusha Facebook ajue kwamba tangu Februari 2025 video mpya za mubashara hukaa huko siku 30 tu kisha zinafutwa, kwa hiyo aipakue mapema na kuiweka mahali pa familia.

Mwisho tuliupanga kwa muda mrefu kuliko mwanzo. Shemeji yetu alisema ratiba imekamilika, akashukuru kwa niaba ya familia, kisha akaongeza kwamba chumba hakifungwi. Anayeondoka aage, anayetaka kukaa akae. Maiki zote zikafunguliwa. Kwa dakika kadhaa zilikuwa kelele tupu, watu wanaagana juu ya sauti za wengine, "poleni", "tutaongea", "msalimie mama", na kelele zile zilinipa faraja niliyokuwa sijaipata siku nzima. Walibaki thelathini hivi, kisha kumi na mmoja. Hatukuwa tunasema mambo makubwa. Mmoja alikuwa anakunja nguo, mwingine amemlaza mtoto begani anatembeatembea chumbani. Mtu akikumbuka jambo alilisema. Asipokumbuka tulikaa.

Ilipokaribia saa nzima Baba akaisogelea kompyuta, akauliza, "Nani bado yupo?"

"Nipo, babu," alisema mpwa wangu. "Nipo, baba," tukasema mimi na mdogo wangu, yeye kwake na mimi kwangu. "Nipo hapa, shemeji," alisema Mama Mdogo. "Sijaenda popote."

Baba akakaa kidogo. Kisha akasema, "Haya. Nendeni mkalale," na akamwomba kijana aliyekuwa naye amwonyeshe kitufe cha kufungia. Hakukigusa. Aliweka kidole karibu nacho akasubiri tuage, na visanduku vikaanza kuondoka kimoja kimoja. Nilibaki nikitazama mpaka tukawa watatu.

"Lala salama, shemeji," Baba akamwambia Mama Mdogo.

"Nawe pia, shemeji."

Akaondoka. Nikaaga mimi. Ndipo Baba akafunga.